Marehemu Bado Anapeleka Majani Senta

*Shangazi, nakuandikia kutoka Konoin, Bomet. Baba yetu alifariki mwaka 2017 akaacha ekari tatu, mbili zikiwa za majanichai. Tumezaliwa watatu: kaka mkubwa anayefanya kazi Nairobi, mimi, na mdogo wetu wa kiume anayeishi hapa bomani. Mama yu hai. Mimi niliolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani na watoto wawili. Tangu nirudi mimi ndiye ninayechuna, nikisaidiwa na akina mama wawili majirani ambao huwa tunawalipa kwa kilo.*

*Mwaka huu mdogo wangu amenunua mashine ya kuchuna kwa mkopo. Anasema vibarua sasa basi, na mimi nitafute riziki kwingine kwa kuwa mwanamke aliyekwisha kuolewa hana shamba kwao. Ili alipe deni, ameshapokea arubuni kutoka kwa mtu anayetaka robo ekari iliyo kando ya barabara. Nilipompigia kaka mkubwa, alisema mashine ni maendeleo nisiyapinge. Akaongeza kwamba hati iendelee kusoma jina la baba, maana siku tutakapoandika majina yetu watoza kodi wa KRA watatujia, na tena siku hizi hata mwenye hati ya kudumu anataka kutozwa kodi kwa shamba lake mwenyewe.*

*Kila jioni ni mabishano kwenye simu. Mdogo wangu anasema mali ni yake, afanye apendavyo. Kaka anasema kodi ni wizi. Mimi nasema mashine itaua chai ya baba. Shangazi, nani ana haki?*

*Mchunaji, Konoin*

Mchunaji, dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama palepale: hati iendelee kusoma jina la baba. Mnabishana juu ya mashine, juu ya mali na juu ya kodi kana kwamba ni kesi tatu. Mimi naona moja tu. Shamba lenu halina msimamizi kisheria tangu 2017, na shamba lisilo na msimamizi kila mtu hujitawaza juu yake, mwenye mashine kwa mashine yake na mwenye mshahara kwa mshahara wake.

Hebu chukua ile risiti ndogo anayokupa karani senta akishapima majani. Ina kilo, tarehe, namba ya mkulima na jina. Jina hilo ni la nani? Ni la baba yako. Yule mzee mliyemzika miaka hiyo bado anapeleka majani senta kila baada ya siku chache, bado analipwa mwisho wa mwezi, na Oktoba anangoja bonasi. Na kama mkopo wa mashine unakatwa kwenye majani, basi aliyekopa ni yeye pia. Mdogo wako amemtwisha marehemu deni.

Nitaanza na lisiloweza kungoja, yaani ile robo ekari.

Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu yeyote kuuza, kukodisha au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama au ya sheria yenyewe. Ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza ardhi kabla mgao haujathibitishwa. Kwa hiyo mdogo wako amepokea pesa kwa kitu ambacho hana uwezo wa kukitoa, na yule mnunuzi, ambaye huenda ni mtu mwema aliyeuza ng'ombe wake apate arubuni, amenunua kesi. Mwambie mdogo wako airudishe arubuni hiyo wiki hii. Wewe nenda ofisi ya msajili wa ardhi ya kaunti yenu ukiwa na namba ya shamba na kitambulisho, ufanye sachi uone hati inasemaje, kisha uombe kuweka kizuio. Kizuio hakimnyang'anyi mtu chochote. Kinamfanya msajili asiandikishe uhamisho wowote bila kukujulisha kwanza.

Sasa tuje kwenye hili la kwamba uliolewa.

Najua mila inavyosema kwetu. Wavulana hugawana shamba, kitinda mimba hubaki na boma la mama, na msichana atakula kwa mumewe. Nimelelewa ndani ya mila hiyo na kuna mengi ndani yake ninayoyapenda. Lakini Sheria ya Urithi ilianza kutumika nchini Julai 1981. Ilitenga wilaya chache, nyingi zikiwa za wafugaji, ambako mashamba na mifugo vingeendelea kufuata mila. Kericho, ambayo wakati huo ilijumuisha Bomet yenu, haimo katika orodha hiyo. Sheria inasema watoto, na haikuandika wavulana. Haikuuliza nani ameolewa, nani ameachika. Na kama mtu atakwambia kwamba hayo ni ya Wakenya wengine na si ya Wakalenjin, mtajie kesi ya Rono dhidi ya Rono. Ilikuwa familia ya Kikalenjin, mzee mwenye wake wawili na shamba kubwa. Mahakama Kuu iliwapa mabinti kipande kidogo kuliko wavulana, kwa hoja kwamba wangeolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Eldoret ilikataa hoja hiyo. Miaka mitano baadaye Katiba ikaja ikaandika, katika kifungu cha 60, kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi uondolewe.

Hapa nina neno ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, na huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wangu wa Kericho na Bomet. Sisi ni watu tunaojua uchungu wa kunyang'anywa ardhi. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai hapa katika miaka ya 1920, kwenye vilima ambavyo babu zetu walikuwa wakilishia ng'ombe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, kando ya ziwa. Mwaka 2022 wazee wa Kipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na wengi wetu tulisimama nao. Tulishangilia Katiba ya 2010 ilipozikata zile hati za miaka 999 za wageni zikawa 99. Tunataka dunia nzima isikie kwamba mtu aliyelima ardhi na kuzikwa ndani yake ana haki nayo. Kisha tunarudi nyumbani na kumwambia dada yetu, ambaye vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai ya baba, kwamba yeye ni mgeni. Sioni jinsi mtu anavyoweza kusema maneno hayo mawili kwa mdomo mmoja.

Kaka yako mkubwa nitamjibu kwa upole, kwa sababu naelewa anakotoka. Mtu anayeajiriwa Nairobi huona payslip yake kila mwezi. Kuna kodi ya mapato, kuna asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF. Juni 2024 vijana walijaa barabarani hadi Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, na wapo waliopoteza maisha yao kwa jambo hilo. Hasira hiyo siibezi. Lakini hasira ya haki inaweza kumpeleka mtu kwenye hesabu mbovu, na hii yake ni mbovu.

Kwanza, Kenya haina kodi ya urithi. Ile ya zamani iliyotozwa mali ya marehemu ilifutwa mapema katika miaka ya 1980. Msimamizi anapowahamishia warithi shamba lao, hakuna kodi ya faida ya asilimia 15 inayotozwa wauzaji wa ardhi, kwa kuwa hakuna aliyeuza. Mtalipa ada za mahakama, za ofisi ya ardhi na za mpima. Hizo si ndogo kwa mkulima, na ni afadhali mzichange mapema, lakini si kodi.

Pili, pato la chai hutozwa kodi kwa sababu limepatikana. Jina lililo kwenye hati haliongezi wala halipunguzi kitu. Kiwanda kinalipa kupitia benki, kwa namba, na kila shilingi ina njia yake inayoonekana. Na hesabu yenyewe haitishi. Mtu mmoja ambaye pato lake halisi, akishatoa mbolea, vibarua na gharama nyingine, halizidi shilingi 24,000 kwa mwezi, hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Nafuu ya kodi ya kila mtu ni hizohizo 2,400 kwa mwezi. Inabaki sufuri. Ekari mbili za chai zikigawanywa kwa watu watatu au wanne, sidhani kama kuna miongoni mwenu mnaobaki nyumbani atakayevuka hapo kwa majani peke yake. Mwenye PIN ya KRA ajaze ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni, maana faini ya kutojaza ni 2,000 hata kama hukudaiwa kitu.

Ama lile la hati ya kudumu kutozwa kodi, alilolisikia linatokana na mswada wa 2023 wa kurekebisha sheria za ardhi. Ulilenga ardhi iliyo ndani ya mipaka ya miji. Shamba la majanichai huko Konoin halimo.

Kaka yako anadhani jina la marehemu ni kivuli cha kujifichia. Ngoja nimweleze kivuli hicho kinavyokuwa baada ya miaka. Babu yangu wa Belgut alipofariki, wanawe wanne waliamua hivyohivyo: hati ikae sandukuni, tusiisumbue serikali nayo isitusumbue. Walielewana, na kila mmoja alijua mpaka wake ni mti gani. Kisha wawili kati yao wakafariki. Mtoto wa mmoja akakata ule mti. Tulipofika mahakamani ilibidi tufungue mirathi tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu haki ya wajukuu ilipitia kwa baba zao, na ya baba zao ilipitia kwa babu ambaye hata cheti chake cha kifo hakikuwahi kuchukuliwa. Wazee wawili waliokuwa mashahidi wa mipaka walikuwa hawakumbuki tena. Binamu zangu wawili hawasalimiani hadi leo. Pesa tulizotumia zingelipa kodi ya shamba lile kwa maisha yangu yote.

Nyinyi bado mko kwenye mirathi moja. Mashahidi wako hai, mama yu hai. Njia yenyewe ni hii. Mnachukua cheti cha kifo na matokeo ya sachi, mnakwenda kwa chifu, anaandika barua yenye majina ya wote waliobaki nyuma ya marehemu. Simama hapo usome kila jina, la kwako likiwemo, kabla barua haijapigwa muhuri. Mkiacha jina la mrithi mmoja kwa makusudi, mahakama inaweza kuifuta kazi yote baadaye. Ombi linapelekwa mahakamani. Kwa shamba la ekari tatu mahakama ya hakimu inatosha kwa kawaida, maana hakimu mkuu husikiliza mirathi ya hadi shilingi milioni 20. Tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 zinapita kungoja pingamizi, kisha wasimamizi wanapewa barua zao. Baada ya miezi sita mnarudi kuthibitisha mgao. Wasimamizi hawazidi wanne, kwa hiyo mama anaweza kuwa na nyinyi watatu ndani, asiwepo wa kusema ameachwa nje. Kama mtaamua kugawa shamba liwe na hati tofauti, mtahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi.

Na msisahau hisa. Watu wengi huandika shamba, ng'ombe na akaunti ya benki, halafu wanasahau kwamba mkulima mdogo aliye chini ya shirika la chai la KTDA ni mwenye hisa katika kampuni ya kiwanda chake. Baba alikuwa nazo. Ziandikwe kwenye ombi pamoja na namba ya mkulima, ili zije kwa jina la aliye hai.

Nimeiacha mashine mwisho si kwa sababu ni ndogo. Hapa kwetu si jambo dogo hata kidogo. Wafanyakazi wa mashamba makubwa waligoma kuipinga Oktoba 2010. Mei 2023 mashine ziliteketezwa Kericho na mtu akapoteza maisha katika makabiliano na polisi. Jopokazi la Kaunti ya Kericho lilikadiria kwamba nafasi 30,000 za kazi zilikuwa zimepotea katika muongo mmoja. Nyuma ya kila nafasi kulikuwa na chumba kwenye laini za wafanyakazi, na mtoto aliyesomea shule ya shambani.

Nimesimama karibu na mashine hizo zikifanya kazi. Watu wawili wanaishika, mmoja huku mmoja kule, mstari wa vichaka katikati, injini inanguruma, wembe unapita juu ya meza ya chai na mfuko unajaa nyuma yake kama shavu la mtu anayepuliza. Kwa dakika chache umekwisha mstari ambao mtu angeuchuna nusu saa. Kisha mfuko unamwagwa kwenye turubai, na hapo ndipo nilipoinama kutazama. Majani mawili na kichipukizi yalikuwemo, mazuri kabisa. Yalikuwemo pia majani makavu ya chini, vijiti vyenye urefu wa kidole, na vichipukizi vilivyokatwa katikati, vimeanza kuwa vyekundu pembeni kabla hata ya kufika senta. Kidole cha mchunaji hakikati katikati, maana kinajua pa kuvunja. Nawe unajua jinsi wakulima wa upande wetu wa Bonde la Ufa wanavyolalamika kila Oktoba kwamba bonasi yetu iko chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya. Sababu ni nyingi na si zote ziko shambani, lakini ubora wa majani ni mojawapo, na hiyo peke yake ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Hata hivyo sitakwambia mashine ni dhambi. Mvua za Aprili zinaposhuka na chai kulipuka yote kwa wiki moja, majirani wako hao wawili hawawezi kuimaliza, na jani lililopitiliza ni hasara sawa na jani lililokatwa vibaya. Mashine iliyotunzwa, wembe wake ukinolewa, ikifuatwa na mtu anayechambua kwenye turubai kabla ya kwenda senta, inaweza kuwasaidia majira hayo. Miezi mingine mikono ichune. Kazi ya kuchambua si ya bure, kwa hiyo wale akina mama bado wana pa kusimama. Jambo ambalo sikubaliani nalo ni mtu mmoja kuamua peke yake kwamba gharama inayookolewa ni yake, deni ni la baba, na atakayekosa ni wewe na majirani. Huo si ubishi wa teknolojia. Msimamizi halali akiwepo, atafungua daftari: kilo ngapi, petroli kiasi gani, karani amekataa majani mara ngapi, deni limebaki shilingi ngapi. Mdogo wako huenda akaonekana ana hoja nzuri. Mpe nafasi ya kuionyesha kwa hesabu.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Umeniambia anachotaka mdogo wako, anachotaka kaka, na unachotaka wewe. Mama umemtaja kwa maneno matatu tu: mama yu hai. Hukuniambia anataka nini.

Dada yangu, kabla yenu nyote, shamba hilo ni lake kulitumia. Mke aliyebaki ana haki ya kuishi kwa mali ya mumewe maisha yake yote, na watoto hugawana sawa baada yake. Hawezi kuliuza bila idhini ya mahakama, wala nyinyi hamwezi kumtoa. Yeye ndiye wa kwanza mbele ya sheria kuomba usimamizi. Anajua baba alinunua mbegu wapi, mpaka wa juu ulipimwa mwaka gani, na kwa nini ile ekari ya tatu haikupandwa chai. Huenda hata ana maoni yake kuhusu mashine.

Basi jioni ya leo zima simu. Keti naye jikoni mnapochambua mboga, mwulize, kisha nyamaza umsikilize hadi amalize. Mkienda kwa chifu, mchukue na ile risiti ya senta, na yeye ndiye aanze kusema.